Walisema sitafika miaka 20, na niliyempenda aliwaamini: selimundu, mapenzi na muda

BintiZiwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome kesho.

Wiki hii kuna kijana alileta mada akiuliza kama amwache mchumba wake kwa kuwa amegundua ana sikoseli. Nilisoma majibu yote. Wengi walimwambia akimbie kabla hajawa muuguzi wa nyumbani. Mmoja akamwambia hao watu hawavuki miaka 20, kwa hiyo anapoteza muda wake bure.

Mimi nina selimundu, ndiyo hiyo hiyo sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nina miaka 34.

Nimezaliwa Mwanza. Kanda ya Ziwa na Pwani ndiko ugonjwa huu umejaa zaidi hapa nchini, na Tanzania kwa jumla tunakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwa hiyo siandiki habari ya ajabu. Kila mtaa una mmoja wetu, ila wengi tumefundishwa kunyamaza.

Nilipokuwa mchanga vidole vyangu vya mikono na miguu vilivimba. Bibi akasema nimechezewa. Mama alizungushwa kwa waganga kabla mtu yeyote hajanipima damu, na chale ninazo kifuani mpaka leo. Nikaanza shule na macho ya njano, watoto wakakatazwa kunywa maji kwenye kikombe changu. Nilipofaulu kwenda sekondari, jirani mmoja alimwambia mama, tena kwa upole kabisa, kwamba asijinyime kwa ajili ya ada, kwani mimi ni mtoto wa kuazima. Mama alinilipia. Mungu amtunze.

Nayasema haya ili muelewe kwamba ubaguzi tunaokutana nao mara nyingi hauji na matusi. Sijawahi kutukanwa na mwanaume kwa sababu ya ugonjwa wangu. Wote niliokutana nao walikuwa waungwana, wakinihurumia na kunibebea mkoba. Ila kila mmoja alikuwa ameshanipigia hesabu ya umri wangu kabla hajaniuliza chochote.

Chuo nilisoma Iringa. Wanaoijua baridi ya kule mwezi wa sita na wa saba wataelewa maana yake kwa mtu wa selimundu. Baridi, kukosa maji mwilini, malaria, uchovu, mshtuko wa huzuni kama msiba, vyote hivyo vinaweza kuamsha maumivu. Chembe za damu zinakuwa na umbo la mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo, na sehemu ile inakosa hewa. Maumivu yake siwezi kuyaeleza kwa kuandika. Mifupa inauma kutoka ndani na hakuna namna ya kulala inayosaidia.

Kulikuwa na kijana mmoja darasani kwetu. Yeye ndiye alijifunza kunisoma usoni kabla sijasema. Alikuwa akichemsha maji, anayatia kwenye chupa za plastiki, anazifunga kwa kanga na kuniwekea mapajani. Alinikimbiza hospitali usiku kwa bodaboda, akakaa kwenye benchi mpaka dripu iishe. Nikirudi darasani nakuta ameninakilia noti kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwake mwenyewe.

Nilimpenda. Mtu angekuwa jiwe asimpende mtu yule.

Mwaka wa pili nikamwambia. Sikuzunguka. Akanijibu kwamba mimi ni dada yake na atanitunza siku zote. Nikakubali, kwa sababu mapenzi hayalazimishwi na mwanamke anaweza kukataliwa kama anavyokataliwa mwanaume. Ningelia miezi kadhaa, ningepona, na uzi huu usingekuwepo.

Lakini karibu na mahafali alikuja mwenyewe akaniambia ukweli wake. Akasema alinipenda tangu mwaka wa kwanza. Akasema kwao mama yake mdogo alizika watoto wawili kwa ugonjwa huu, na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuwabeba. Akasema, "Siwezi kumpenda mtu ninayejua nitamzika." Alikuwa analia. Mimi sikulia siku ile.

Naombeni mtu yeyote aniambie unafanyaje na neno kama hilo. Angesema hanipendi, ningejua pa kuanzia. Yeye aliniambia ananipenda ila mimi sina umri wa kupendwa. Aliniweka kaburini nikiwa nimesimama mbele yake na cheti mkononi.

Nikaendelea kumpenda kwa miaka mingi baada ya hapo, na mapenzi yenyewe yakageuka kuwa ubishi. Kila mwaka niliofikisha nilitaka ajue. Nilipopata kazi nilitaka ajue. Nilipoanza dawa ya haidroksiyurea na vipindi vya maumivu vikapungua sana, mtu wa kwanza niliyetamani kumpigia ni yeye, nimwambie, unaona, bado nipo. Kuishi kwangu kukawa hoja ninayomjibu mtu ambaye wala hakuwa ananiuliza. Hili ndilo jambo ambalo watu hawaelewi kuhusu kupenda bila kupendwa ukiwa mgonjwa: unaanza kuishi kwa ajili ya kumthibitishia mtu.

Akaoa. Nilichangia harusi, nikahudhuria, nikacheza. Kanisani kwao waliwataka wapime virusi vya UKIMWI kama makanisa mengi yanavyofanya. Selimundu hakuna aliyeiuliza. Mke wake ni mrefu, ana afya tele, hana hata homa ya kusingizia.

Mtoto wao alipokuwa na miezi minane, simu yangu iliita usiku wa manane. Akanitumia picha. Mikono ya mtoto imevimba, vidole vimekuwa kama vya mtu mzima. Nilikaa kitandani nikaitazama picha ile. Nilikuwa naitazama mikono yangu. Nikamwambia ampeleke hospitali usiku uleule, asimkande kwa barafu, asimpeleke kwa mtu wa dawa za miti, na akifika awaambie wampime selimundu.

Majibu yalikuja kama mnavyodhani. Baba anabeba kinasaba kimoja cha selimundu, mama anabeba kimoja. Hawakuwahi kuumwa wala kujua.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wale watoto wawili wa mama yake mdogo. Mtoto hawezi kuugua selimundu mpaka apokee kinasaba cha baba na cha mama. Kwa hiyo mama yake mdogo alikuwa nacho. Na kama mama yake mdogo alikuwa nacho, dada mtu aliyemzaa yeye naye huenda anacho. Hofu aliyokuwa nayo juu yangu ilikuwa inamwonyesha damu yake mwenyewe, na hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kuifuata hofu hiyo mpaka maabara. Waliifuata mpaka makaburini tu wakaishia hapo.

Baada ya miezi, mtoto akiwa amepata nafuu, aliniambia kwenye simu, "Kama ningekuwa na akili hii wakati ule, ningekuoa wewe."

Nilimkatisha. Nikamwambia asiirudie tena kauli hiyo, si kwangu wala kwa mtu mwingine, mkewe anamlea mtoto na hastahili kuishi karibu na sentensi kama hiyo. Tena kwa hesabu haikuwa hata kweli. Yeye ana kinasaba kimoja, mimi nina viwili. Kwa kila mimba tungekuwa na nusu kwa nusu ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa mkewe ni robo. Kama angepima zamani zile akanijia na karatasi akasema, "Tazama, naogopa kwa ajili ya watoto," ningekaa naye tukazungumza kama watu wazima, na pengine tungeachana tukiwa tumeshikana mikono. Nilinyimwa hayo mazungumzo. Nilipewa huruma badala yake.

Ndiyo maana nimeandika. Yule kijana aliyeuliza kama amwache mchumba wake, hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza: wewe umepima?

---

Mpiga Kasia

Dada, nimesoma mara mbili. Pole, na hongera kwa kuandika. Mimi ni mmoja wa waliomjibu yule kijana, ingawa sikuandika ile ya miaka 20. Sijapima. Nina watoto watatu.

---

Mama Kheri

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, naomba niseme bila kuficha. Nilizaa wanne, nimezika wawili kwa ugonjwa huu. Mmoja alikuwa na miaka tisa, alikuwa ananiambia "mama nishike hapa", namshika, "hapana, hapa". Kwa hiyo ukisikia mama wa kijana anasema hataki, usifikiri kila mara ni roho mbaya. Mimi kijana wangu akiniletea binti mwenye selimundu, nitalia. Sitamkataa binti wa watu, lakini nitalia, na sitaki mtu aniite mbaguzi kwa machozi yangu.

---

BintiZiwa (mleta uzi)

Shikamoo mama. Machozi yako siwezi kuyaita ubaguzi. Mama yangu mwenyewe mpaka leo nikichelewa kupokea simu anapiga kwa majirani zangu.

Ninachokiogopa ni mahali ambapo machozi ya mama yanakuwa uamuzi juu ya binti ambaye hajaulizwa. Na naomba nikuulize kwa heshima: wale wawili waliobaki, wamepimwa? Maana kila mmoja wao anaweza kuwa na kinasaba bila kuugua, na wakifika umri wa kuoa au kuolewa, wao ndio wanaohitaji kujua kuliko mtu yeyote.

---

Mama Kheri

Marahaba mwanangu. Mkubwa amepimwa. Wa mwisho bado. Nimekusikia.

---

Kijana wa Tabora

Nashukuru kwa uzi huu kwa sababu huwa inaandikwa kama vile selimundu ni ya wanawake na watoto. Mimi ni mwanaume na ninayo.

Mleta uzi amezungumzia muda, mimi wangu ulikuwa wa aina nyingine. Selimundu inachelewesha kubalehe. Kidato cha nne wenzangu wana ndevu, wanaongea kwa sauti za baba zao, mimi naonekana wa darasa la sita. Kulikuwa na msichana tuliyekuwa tunasoma naye hesabu jioni. Nilimpenda kwa akili ya miaka 17 kwenye mwili wa miaka 12. Alikuwa ananikumbatia mbele ya watu, ananiita "mdogo wangu", ananipa maandazi. Mvulana wake alikuwa hanionei hata wivu, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Sauti yangu ilikuja kubadilika nikiwa nimeshamaliza shule na yeye ameshaenda chuo mkoa mwingine. Nimekuwa mtu mzima kabisa, nina urefu wa kawaida, na tulikutana stendi miaka baadaye akapita bila kunitambua. Nilimsimamisha. Akasema, "Kumbe umekua!" Alikuwa na mimba kubwa na mumewe yuko pembeni ameshika mabegi.

Hakunitendea ubaya wowote. Mwili wangu ulifika umechelewa, basi.

Niongeze jambo moja kwa wanaume wenzangu wenye ugonjwa huu, maana hakuna anayetuambia. Mnara ukisimama wenyewe bila hamu na unauma, ukakataa kushuka, usikae nyumbani kwa aibu. Ukipitisha saa nne mfululizo hiyo ni dharura, nenda hospitali, la sivyo unaweza kupoteza uwezo wako moja kwa moja. Nilijifunza kwa mateso. Waambieni vijana wenu.

---

Nesi wa Zamu

Kijana wa Tabora umesema jambo ambalo sisi wenyewe wodini tunaliona haya kulisema. Asante.

Naomba nisaidie upande wa vipimo, kwa sababu naona watu wataamka kesho waende maabara na warudi na jibu lisilotosha.

Kipimo cha haraka na cha bei nafuu kinaitwa sikling. Kinaonyesha tu kwamba hemoglobini S, ile ya selimundu, ipo kwenye damu. Hakikuambii kama wewe ni mbebaji mwenye afya au mgonjwa mwenye vinasaba viwili. Na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema hakuna wakati ipo, kwa sababu mchanga bado ana hemoglobini nyingi ya tangu alipokuwa tumboni. Mnapotaka kuoana ombeni kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, elektroforesisi au kinachofanana nacho, kitakachowapa jibu la AA (huna kinasaba), AS (mbebaji mwenye afya) au SS (mgonjwa). Na kama umeongezewa damu hivi karibuni mwambie daktari, maana damu ya mwenzako inaweza kuvuruga jibu lako.

Wote wawili mkiwa AS, kila mimba ina robo ya kupata mgonjwa, nusu ya kupata mbebaji kama ninyi, robo ya kupata asiye na kitu. Ni kila mimba upya. Nakutana na wazazi wanaosema "tumeshapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima". Haiendi hivyo. SS na AA, hakuna mtoto mgonjwa hata mmoja, wote watakuwa wabebaji. Hili la mwisho naomba lisomwe na kila mama mkwe nchini.

Pia wanaosema ni laana au kurogwa: kinasaba hiki kimeenea kwetu kwa sababu ya malaria. Tangu mwaka 1954, utafiti wa Anthony Allison huku Afrika Mashariki ulionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja ana kinga dhidi ya malaria kali. Mababu waliokuwa nacho kimoja walinusurika wakazaa. Ndiyo maana kiko kwa wingi ziwani na Pwani, kwenye mbu.

Dada mleta uzi, na wewe ukipanga kubeba mimba, haidroksiyurea isimamishwe kwa ushauri wa daktari mapema, na kliniki iwe kwenye hospitali yenye daktari bingwa na damu ya akiba. Nimewahudumia kina mama wa selimundu wakajifungua. Ni mimba ya hatari, sitadanganya, lakini inawezekana.

---

Mjomba Wao

Mleta uzi samahani kwa kuuliza, ni yule mmoja tu? Miaka yote hiyo hakutokea mwingine?

---

BintiZiwa (mleta uzi)

Alitokea. Sikumweka kwenye uzi kwa sababu bado ananitia hasira, na nilitaka uzi uandikwe na mtu mtulivu.

Huyu alikuwa tofauti. Nilimwambia mapema kabisa, siku za mwanzo tulipoanza kuzungumza, kwa sababu nilishaapa sitamwacha mtu ajenge nyumba moyoni halafu ndiyo nimwambie kiwanja kina mgogoro. Akanyamaza. Baada ya wiki akaja na karatasi ya maabara. AA. Alikwenda kupima mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Wakuu, mimi sijawahi kuandikiwa barua ya mapenzi nzuri kuliko karatasi ile.

Wakati huo bado nilikuwa na yule wa kwanza moyoni, nikamwambia hivyo hivyo. Akasema ana subira. Na kweli alikuwa nayo, mpaka siku moja nikagundua nimepitisha wiki nzima sijamkumbuka mwingine.

Barua ya posa ikaandikwa. Mshenga akaja kwetu, akapokelewa. Halafu mama yake akaniona. Ilikuwa siku yangu mbaya, macho yamekuwa njano sana. Akauliza nina nini. Mwanawe akamweleza ukweli na karatasi akamwonyesha, akamwelekeza vizuri kabisa kama nesi alivyoeleza hapo juu, kwamba hakuna mjukuu atakayeugua. Mama akasema hiyo ni karatasi, na yeye hataki nyumba ya hospitali. Wajomba wakasema damu ile ikiingia kwenye ukoo haitoki. Kwa maana ya wabebaji hawakukosea, kitaingia. Lakini nani aliwaambia kwamba ukooni mwao hakimo tayari? Alikuwa amepimwa mmoja tu.

Yeye akaniambia tusubiri mama apoe. Nikasubiri. Sikukuu zikapita, tukasubiri. Mshenga akaacha kupokea simu za baba yangu. Mwishowe nikasikia kwa watu kwamba amepelekwa kuoa kwao.

Wa kwanza aliniambia sina muda, wa pili akaniambia tusubiri. Mniambie mtu anaishi vipi katikati ya hao wawili.

Nina hasira naye kwa sababu alijua. Wa kwanza aliogopa kitu asichokijua, namwelewa. Huyu alikuwa na jibu la maabara mfukoni akashindwa kulisimamia mbele ya mama yake. Nesi ameandika kana kwamba watu wakielimishwa mambo yatanyooka. Yananyooka kwa wengine. Kwa wengine elimu inafika, inakaa sebuleni na wageni, na wazee wanaamua chumbani.

---

Mama Kheri

Huyo mama mkwe amekosea. Mimi nililia kwa niliowazika. Yeye alikuwa analilia nini?

---

Mpiga Kasia

Nimerudi. Nimemsomea mke wangu uzi huu wote kwa sauti. Tutakwenda na watoto. Nina swali la pembeni: mtoto wa rafiki yako anaendeleaje? Na kuna matibabu ya kuponya kabisa au ni kuishi nayo tu?

---

Nesi wa Zamu

Kuponya kupo kwa kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na kwa hapa nchini Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Lakini inahitaji ndugu anayelingana na mtoto, na si kila mtoto inamfaa. Kwa walio wengi ni kliniki bila kukosa, dawa ya foliki kila siku, penisilini kwa watoto wadogo, kujikinga na malaria, maji mengi, na haidroksiyurea kwa anayeandikiwa. Watoto wanaoanza kliniki mapema wanakua. Nawaona wanakuja na sare za sekondari, halafu wanakuja na watoto wao.

---

BintiZiwa (mleta uzi)

Mtoto anaendelea vizuri, ameanza shule. Mama yake ndiye anayenipigia siku hizi kuliko baba. Tumekuwa ndugu. Ananiuliza mambo ambayo daktari hamwambii, kama mtoto avae nini wakati wa mvua, afanye nini akigoma kunywa maji, amwambieje mwalimu anayemwona mvivu wa mchezo. Majuzi kaniuliza kama msichana mwenye ugonjwa huu anaweza kuolewa. Mtoto bado hajajua kusoma vizuri, mama ameshaanza kuhesabu.

Nilimwambia aanze kwa kuacha kumwita "mgonjwa wangu" mbele za wageni.

---

Mjomba Wao

Na yule baba mtoto, bado unampenda?

---

BintiZiwa (mleta uzi)

Umeuliza wazi nami nitajibu wazi. Ndiyo, yapo. Si yale ya kukosa usingizi. Nikimsikia anaongea na mwanawe kwenye simu, anavyompooza maumivu yakianza, anachemsha maji na kufunga chupa kwa kanga, najua amejifunzia wapi, na kifua changu kinajaa. Siendi kwao kama mkewe hayupo. Simu zake baada ya saa tatu usiku sipokei labda mtoto awe anaumwa, na kama anaumwa namwambia ampe mama azungumze.

Sitaki achelewe mara mbili kwa mtu mmoja. Akili yake imekuja wakati ambao tayari kuna watu wawili wanaomtegemea, basi iwafae hao.

---

Fundi wa Chanika

Mimi ndiye yule kijana wa ile mada. Nilikuwa nasoma tu, nimeona nijitokeze.

Nilikwenda kupima. Mimi ni AS. Mchumba wangu ni SS kama wewe dada. Mahari imeshapangwa, wazazi wanajua tunapendana, hakuna anayejua habari za damu isipokuwa sisi, na yeye hajui kwamba nimepima. Nampenda. Naogopa pia. Nifanye nini?

---

BintiZiwa (mleta uzi)

Mdogo wangu, siwezi kukuambia umwoe wala umwache, na anayekuambia kwa uhakika humu ndani usimsikilize, pamoja na mimi. Nusu kwa nusu kwa kila mimba ni hesabu nzito. Kuna wanaoamua kuoana na kulea mtoto wa ndugu, kuna wanaoamua kuzaa wakijua wanachokabiliana nacho na kliniki iko karibu, kuna wanaoachana. Wote hao nimewaona na wote ni watu wazima wenye akili.

Ila mwambie. Mwambie wiki hii, kabla mahari haijatoka na kabla wazee hawajaingia ndani ya jambo. Mpe karatasi aishike mwenyewe aisome. Mwambie unaogopa, usijifanye shujaa, sisi tunaiona hofu hata ukiificha. Usimwambie unamhurumia. Halafu mwache aseme, maana yeye anaujua ugonjwa huu kuliko wewe, na inawezekana kabisa akawa yeye ndiye atakayesema hataki. Utaumia. Ana haki hiyo pia.

Mkikubaliana kwenda kwa mshauri wa hospitali nendeni pamoja, mkae viti viwili vinavyolingana, asiwepo mama wa mtu yeyote mle chumbani siku ya kwanza. Ukitaka kujua maswali ya kumuuliza daktari, niandikie kwa ujumbe wa siri, nitakutumia niliyoyaandaa mimi zamani nikitarajia kuyatumia.